Bima ya Viza Haikupanda Meli: Kisa cha Mama Aliyeugua Kati ya Mykonos na Kuşadası

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha familia moja ya Dar es Salaam ambayo niliisaidia kuandaa madai ya bima. Wameridhia kiandikwe ili wengine wajifunze, kwa sharti kwamba mtu yeyote asitambulike. Kwa hiyo majina hayapo, mwaka haupo, kampuni ya meli, kampuni ya bima, wakala na hospitali hazitajwi, na fedha zimezungushwa kwenye mamia. Njia ya meli pekee nimeiacha ilivyokuwa, kwa kuwa mgogoro wote ulizuka kwenye ramani.

Mgonjwa nitamwita Mama. Ni mwalimu mstaafu mwenye miaka 60 na ushee. Ana binti anayeishi Dar na mtoto wa kiume anayefanya kazi Uholanzi, mwenye mke na mtoto mdogo.

Kabla ya safari

Mwanawe alitaka Mama aje akae naye mwezi mzima, amwone mjukuu, na katikati ya mwezi huo familia nzima ipande meli ya kitalii kwa siku saba katika visiwa vya Ugiriki. Safari ilianzia bandari ya Piraeus, karibu na Athens, ikapitia Mykonos, halafu Kuşadası iliyoko Uturuki, kisha visiwa vingine vya Ugiriki na kurudi Piraeus.

Mama aliomba viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2009, inamtaka mwombaji awe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, inayotumika katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa ziara, na inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Mama alikata bima ya aina hiyo kwa wakala jijini Dar. Bei yake ilikuwa chini ya ada ya viza yenyewe. Wakala alimwambia, "Mama, hii ndiyo wanayoitaka ubalozini," na maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa. Ubalozi ulikuwa unaitaka, na viza ilitoka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo familia ililishughulikia kwa umakini mkubwa. Kwa kuwa meli ingetoka Ugiriki kwenda Uturuki na kurudi Ugiriki, Mama angekuwa ametoka Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja ingemwacha nje. Mwanawe aliliona hilo mapema, akaandika barua ya kuomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, akaambatisha ratiba ya meli, na katika barua hiyo akaitaja Kuşadası kwa jina. Ombi lilikubaliwa.

Wakati wa kulipia meli, kampuni iliwauzia pia kifurushi chake cha bima. Mwanawe alikikataa kwa watu wote wanne. Yeye, mkewe na mtoto walikuwa na bima ya safari ya mwaka mzima waliyoikata Uholanzi, na Mama alikuwa na ya viza. Aliona anatozwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Kuhusu afya: Mama ana shinikizo la damu la miaka mingi. Wiki tatu kabla ya kusafiri alikwenda kliniki, daktari akamwongezea dozi ya dawa, akampima tena baada ya siku kadhaa na kumwandikia cheti kwamba anaweza kusafiri. Fomu ya bima ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu afya. Wakala aliujaza mwenyewe kwa neno moja, "nzuri", na Mama akatia saini chini.

Usiku wa pili baharini

Meli iliondoka Mykonos saa 5 usiku. Kama saa 8 Mama aliamka akiwa na maumivu ya kifua yaliyoshuka mkono wa kushoto, jasho jingi na kichefuchefu. Mkamwana wake, ambaye alikuwa amelala kitanda cha pili pamoja na mtoto, hakungoja kuona kama yatapungua. Alipiga namba ya dharura iliyo kwenye simu ya chumbani, na wauguzi wakafika na kiti cha magurudumu.

Zahanati ya meli kubwa huwa na vitu vingi kuliko watu wanavyodhani. Chama cha Madaktari wa Dharura cha Marekani kimeweka mwongozo wa vifaa na dawa ambavyo zahanati hizo zinapaswa kuwa navyo, na kampuni nyingi kubwa huufuata: mashine ya kupima umeme wa moyo, mashine ya kuushtua moyo uliosimama, oksijeni, vipimo vya damu vya haraka, dawa za kuzuia na kuyeyusha damu iliyoganda. Kisichokuwepo ni chumba cha kupitishia mrija kwenye mishipa ya moyo. Daktari alipima, akaona kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo unaumia, akampa Mama dawa na kumweka chini ya uangalizi hadi asubuhi. Mwanawe alielezwa wazi: hapa tunaweza kumtuliza, hatuwezi kumzibua mshipa, lazima ashuke kwenye bandari inayofuata.

Bandari iliyofuata ilikuwa Kuşadası.

Helikopta haikuitwa, kwani meli ilikuwa imebakiza saa chache kufika, na kumnyanyua mgonjwa wa moyo kutoka sitahani usiku nako kuna hatari zake. Meli ingetia nanga saa 1 asubuhi, hospitali ya kwanza ilikuwa dakika chache kutoka gatini, na jiji la İzmir, lenye hospitali kubwa za moyo, liko karibu kilomita 100 kwa barabara nzuri.

Maamuzi ya asubuhi ile

Familia ilikuwa na kama saa mbili za kuamua mambo manne.

La kwanza, nani ashuke. Mwanawe alishuka na Mama, mkewe na mtoto wakabaki melini hadi Piraeus. Sababu yao ilikuwa kwamba mtoto mdogo asingeweza kukaa siku nyingi kwenye varanda za hospitali, na mizigo yote ilikuwa melini.

La pili, pasipoti. Meli ilikuwa imezikusanya za abiria wote tangu siku ya kupanda ili kurahisisha ukaguzi bandarini. Muuguzi mmoja ndiye aliyemkumbusha mwanawe azidai kabla ya kushuka. Wakala wa meli pale bandarini akashughulikia ruhusa ya Mama kuingia Uturuki kwa ajili ya matibabu.

La tatu, malipo ya zahanati. Matibabu ya usiku yalifika yuro 2,400 na yakakatwa papo hapo kwenye kadi ya benki iliyosajiliwa na chumba chao, sawa na bili ya chakula cha ziada au vinywaji. Mwanawe alipewa risiti yenye jumla tu. Aliomba na ripoti ya daktari, akapewa kurasa mbili zenye muda wa kila kipimo na kila dawa. Hakujua wakati ule kwamba kurasa hizo ndizo zingerudisha fedha.

La nne halikuamuliwa kabisa, lilisahaulika: kupiga simu kituo cha dharura cha bima. Namba ilikuwa kwenye cheti cha bima, na cheti kilikuwa kwenye bahasha ya viza iliyobaki Uholanzi. Nakala ilikuwepo kwenye barua pepe ya dada mtu Dar, lakini hakuna aliyefikiria kumwuliza. Alipopigiwa, aliulizwa kuhusu fedha tu.

Na fedha zilihitajika kweli. Hospitali ya İzmir ilimpokea Mama kwa dharura, ila kabla ya kumpeleka chumba cha moyo ilitaka amana ya yuro 4,000. Kadi ya mwanawe ilikuwa imebakiza nusu. Binti alifungua kundi la WhatsApp la ukoo, michango ikaanza kuingia kwa simu muda uleule, na rafiki mmoja wa Uholanzi akatuma zilizopungua. Mama alizibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi, siku hiyohiyo. Alilazwa siku sita, akapumzika hotelini siku kadhaa, daktari akajaza fomu ya MEDIF ambayo mashirika ya ndege huitaka kwa abiria mgonjwa, kisha akaruka kupitia Istanbul moja kwa moja hadi Dar. Leo anaendelea vizuri na anatembea kila asubuhi.

Madai na majibu ya kwanza

Gharama zote zilikuwa kama yuro 13,800: zahanati ya meli 2,400, hospitali mbili na gari la wagonjwa 9,500, hoteli na tiketi mpya 1,900.

Familia ilituma madai ikidai kila kitu. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja la ukurasa mmoja, na sababu tatu za kukataa. Moja, matibabu yalifanyika nje ya eneo la bima. Mbili, ugonjwa ulitokana na hali iliyokuwepo kabla ya bima kuanza, yaani shinikizo la damu, ambalo dozi yake ilibadilishwa wiki tatu kabla. Tatu, kituo cha dharura hakikuarifiwa ndani ya saa 24; mwanawe alipiga simu siku ya tatu ya kulazwa.

Hapo ndipo nilipoletewa faili. Familia ilikuwa na hasira na ilitaka kuandika barua moja ya kulalamikia dhuluma. Niliwaomba tuache hasira kwanza tuyasome masharti, kijitabu kizima cha kurasa karibu 30, kwa sababu cheti cha ukurasa mmoja kilichokwenda ubalozini si mkataba wenyewe. Mama hakuwa amewahi kupewa kijitabu hicho. Kilipatikana kwa kukiomba.

Tulichokikatia rufaa, na tulichokiacha

Gharama za hospitali Uturuki tuliziacha. Lilikuwa jambo chungu kulieleza kwa familia, ila kifungu cha eneo kilikuwa wazi: nchi za Schengen, na Uturuki haimo. Kulikuwa na hoja moja ya kujaribu, kwamba wakala alionyeshwa ratiba ya meli na hakusema neno. Mama anakumbuka kumwonyesha kwenye simu. Wakala hakumbuki. Hapakuwa na barua pepe wala ujumbe, na hoja isiyo na karatasi ingeidhoofisha barua nzima.

Tuliikazia zahanati ya meli. Ripoti ya daktari wa meli ilionyesha kwamba Mama alipokelewa saa 8 na dakika kadhaa usiku. Tuliandikia kampuni ya meli kuomba barua inayotaja mahali meli ilipokuwa saa hiyo, nayo ikajibu kwamba ilikuwa ikipita karibu na kisiwa cha Ikaria, ndani ya maji ya Ugiriki. Meli yenyewe iliandikishwa Malta, nchi ya Schengen, nasi tukaliongeza hilo pia. Kampuni ya bima ikajibu kwamba bendera ya meli haigeuzi bahari kuwa nchi. Barua ya mahali ndiyo iliyokuwa na uzito. Mama aliugua na kutibiwa kwa saa za mwanzo akiwa ndani ya Ugiriki, kwa bima inayosema inafanya kazi Ugiriki, na hakuna popote kwenye kijitabu palipoandikwa kwamba zahanati ya meli haihusiki.

Kuhusu ugonjwa uliokuwepo, tulipata barua ya daktari wa moyo wa İzmir. Ilieleza kwamba mshipa uliziba kwa damu iliyoganda, na kwamba Mama hakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo. Shinikizo la damu ni kihatarishi cha ugonjwa wa moyo, si ugonjwa wa moyo wenyewe. Kijitabu kilikataa "ugonjwa uliokuwepo". Hakikusema "na chochote kinachoweza kutokana nao". Kuna mikataba inayosema hivyo, na kama wao wangekuwa na mkataba wa namna hiyo hoja yetu ingekufa hapohapo.

Kuhusu simu iliyochelewa, kijitabu kilikuwa na msamaha kwa hali ambayo mgonjwa au aliyefuatana naye hakuweza kutoa taarifa. Tulieleza muda kwa muda. Mwishoni mwa barua tukaandika kwamba jibu lisipotoka ndani ya siku 30 tutapeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa Tanzania kwa ajili ya migogoro ya aina hii ambayo mwananchi hawezi kuibeba mahakamani.

Matokeo

Kampuni ilikubali zahanati ya meli na kulipa yuro 2,300, baada ya kutoa 100 ambazo mwenye bima hujilipia mwenyewe. Hospitali za Uturuki ilizikataa na haikubadilika.

Fedha nyingine zilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepatazama. Mwanawe alikuwa ameiuliza kampuni yake ya Uholanzi mara moja tu, kwa simu, kama wangemlipia mama yake, akajibiwa hapana: bima ile ilikuwa ya watu wa kaya yake, na Mama anaishi Dar. Akakata simu. Tuliposoma masharti tukakuta kwamba mwenye bima akilazimika kubaki ugenini kwa sababu mzazi wake aliyesafiri naye amelazwa, gharama zake mwenyewe za ziada zinafidiwa. Hoteli na tiketi yake vilirudishwa, yuro 1,400.

Zilizobaki, kama yuro 10,100, zimebebwa na familia. Siku tano za meli ambazo watu wawili hawakuzitumia hazikurudishiwa fedha yoyote.

Uchambuzi

*Swali waliloliuliza kwa viza hawakuliuliza kwa bima*

Kosa la kisa hiki lote limo ndani ya faili moja. Barua ya kuomba viza inasema kwa herufi kubwa kwamba msafiri atatoka Schengen na kwenda Uturuki. Karatasi iliyofuata ndani ya bahasha hiyohiyo ni cheti cha bima kilichoandikwa "Eneo: Schengen". Mwanawe, mkewe, wakala na ofisa wa viza, wote waliziona karatasi hizo mbili zikiwa pamoja. Kila mmoja aliangalia kinachomhusu. Ofisa wa viza hana kazi ya kujua kama utatibiwa Uturuki. Sheria yake inamtaka ahakikishe hutakuwa mzigo Ulaya. Bima ya viza inamlinda kwanza anayekupokea. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu nimeona watu wazima, wasomi, wakiamini kwamba bima iliyompendeza balozi lazima iwe imekamilika.

Katika Bahari ya Mediterania jambo hili si la Kuşadası peke yake. Meli inayoanzia Italia au Uhispania inaweza kusimama Tunis, Istanbul, Alexandria, Kotor iliyoko Montenegro, au Limassol ya Saiprasi, ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Dubrovnik ilikuwa nje hadi Kroatia ilipoingia Schengen mwaka 2023. Wanaopandia Southampton, Uingereza, wanaanzia nje kabisa. Na hata bandari zote zikiwa ndani, meli hupita bahari kuu, ambayo si ya nchi yoyote. Mkataba unaofaa kwa meli hutaja safari ya majini waziwazi na kuhesabu muda wa baharini kuwa ndani ya eneo. Mama alibahatika kwamba Ikaria ilikuwa karibu. Angeugua saa moja mapema, katikati ya maji mapana kati ya Mykonos na Ikaria, hata zile 2,300 zingekuwa na ubishi.

*Bandari haikuwa ya kuchagua, na ndivyo inavyopaswa*

Ndugu mmoja wa familia aliuliza kwenye kikao kwa nini hawakuomba Mama ashushwe Samos. Ni swali la haki. Samos ni kisiwa cha Ugiriki, na pale panapokaribiana zaidi mlango wa bahari unaokitenga na Uturuki hauzidi kilomita 2. Bima ilikuwa inafanya kazi ng'ambo ile.

Naunga mkono uamuzi wa daktari wa meli bila kusita. Meli ilikuwa na nafasi ya kufunga gati Kuşadası alfajiri, na nyuma yake kulikuwa na jiji lenye vyumba vya moyo vinavyofanya kazi saa zote. Kumwomba nahodha abadili bandari ili kufuata karatasi ya bima kungempotezea Mama saa ambazo msuli wa moyo haurudishi. Mgonjwa hatakiwi kuikimbilia bima. Bima ndiyo inunuliwe kwa kufuata kila mahali ambapo meli inaweza kumshusha. Na hii ndiyo tofauti kubwa ya safari ya meli na safari ya ndege kwenda mji mmoja: nchi utakayotibiwa inaamuliwa na saa utakayougua.

*Neno "nzuri" kwenye fomu*

Wakala hakukusudia ubaya. Alitaka fomu iishe. Lakini Mama alitia saini chini ya taarifa ambayo haikuwa kamili, na kampuni nyingine ingeweza kuufuta mkataba wote kwa hilo. Dozi kubadilishwa karibu na safari ndicho kitu cha kwanza ambacho mchunguzi wa madai hutafuta kwenye kadi ya kliniki. Kampuni nyingi huangalia nyuma miezi kadhaa. Kliniki ilifanya vizuri kumwongezea dawa na vizuri zaidi kumwandikia cheti. Cheti hicho kilipaswa kwenda na fomu ya bima. Pengine kampuni ingeongeza bei, pengine ingemkatalia moyo na presha kabisa. Yote mawili ni afadhali kuyajua ukiwa Dar, ambako bado unaweza kwenda kwa kampuni nyingine.

*Simu*

Hapa familia ilipoteza zaidi ya inavyoonekana kwenye hesabu. Kituo cha dharura hakipo kwa ajili ya kuandikisha madai tu. Kikikubali kesi, hutuma dhamana ya malipo hospitalini, na hospitali haidai amana. Ndicho pia kinachoidhinisha ndege ya wagonjwa, ambayo gharama yake huweza kuvuka dola 100,000, na kampuni nyingi hazilipi uhamisho ambao hazikuuidhinisha. Katika kisa hiki kituo kingekataa Uturuki, hilo liko wazi. Lakini kingekataa saa 3 asubuhi ya siku ya kwanza, na mwanawe angejua mapema kwamba anajilipia, akaulizia bei katika hospitali mbili tatu za İzmir kabla ya kusaini fomu ya chumba cha binafsi.

*Kilichofanyika sawasawa*

Mkamwana hakungoja. Watu wengi hunyamaza hadi asubuhi wakihofia bili ya zahanati, na kwa moyo huko ni kucheza na roho. Kubaki na mtoto melini kuliokoa fedha na utulivu. Pasipoti zilidaiwa kabla ya kushuka. Na ripoti ya kurasa mbili iliombwa palepale. Kuipata miezi baadaye, wakati daktari yule ameshahamia meli nyingine, kungekuwa kazi ngumu.

*Kwa ndugu walioko Marekani*

Nimeulizwa na wasomaji wenye wazazi Texas na Minnesota kama kisa hiki kinawahusu. Kinawahusu kwa njia nyingine. Mzazi mwenye Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, anayepanda meli ya Karibi ajue kwamba Medicare huweza kulipia zahanati ya meli tu ikiwa meli iko kwenye bandari ya Marekani au haijapita mwendo wa saa 6 kutoka bandari hiyo. Zaidi ya hapo analipa mwenyewe. Baadhi ya bima za nyongeza za Medigap hulipa asilimia 80 ya dharura za nje ya nchi baada ya mtu kujilipia dola 250, kwa siku 60 za kwanza za safari, na ukomo wake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Pia raia wa Marekani huruhusiwa kupanda meli inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani bila pasipoti, kwa cheti cha kuzaliwa au cha uraia pamoja na kitambulisho. Akishushwa Cozumel, kisiwa cha Meksiko, akiwa mgonjwa, hawezi kupanda ndege ya kurudi bila pasipoti.

Ujumbe ambao familia hii inautumia sasa

Binti wa Mama ndiye anayeshughulikia safari za ukoo siku hizi. Kabla ya kulipia bima yoyote humtumia wakala barua pepe hii, na halipi hadi ajibiwe kwa kutajiwa ukurasa na kifungu:

"Habari za kazi. Msafiri ana miaka kadha, ana presha, dozi ilibadilishwa tarehe fulani, cheti cha daktari nimeambatisha. Ratiba ya meli nimeambatisha, bandari zote zimo. Naomba unijibu kwa maandishi. Je, bima hii inafanya kazi katika kila nchi iliyo kwenye ratiba, na meli ikiwa baharini kati ya nchi na nchi? Je, inalipa zahanati ya meli? Je, presha na yanayotokana nayo yamekubaliwa au yamekataliwa? Je, kiwango cha juu cha matibabu ni kiasi gani, na cha kumhamisha mgonjwa ni kiasi gani, na anahamishiwa hospitali ya karibu yenye uwezo au anarudishwa nyumbani? Namba ya kituo cha dharura ni ipi, na tunatakiwa kupiga ndani ya saa ngapi? Naomba na kijitabu kizima cha masharti, si cheti peke yake."

Mara ya mwisho aliutuma kwa mawakala watatu. Mmoja alijibu maswali yote siku ileile, mmoja akatuma cheti cha mfano bila maelezo, na wa tatu akapiga simu kusema, "Dada, usiwe na wasiwasi, hii inalipa kila kitu." Alinunua kwa yule wa kwanza.